Ndugu yangu ana majina matatu ya ugonjwa: nishike lipi?

BARUA

Shikamoo Mama mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mkoa wa Tanga, nina umri wa miaka 29, na ni mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu. Ninaandika kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 23, ingawa ukifika mwisho wa barua hii nadhani utaona kwamba nimeandika kwa ajili ya nyumba nzima.

Mwaka juzi, katika kumi la mwisho la Ramadhani, mdogo wangu aliacha kulala. Mwanzoni tulifurahi, kwa sababu alikuwa akikesha msikitini na kurudi alfajiri akiwa na nguvu kuliko sisi tuliolala. Siku ya nne au ya tano alianza kusema haraka kiasi kwamba hatukuweza kumfuata, akagawa vifaa vyake vya kuchomelea kwa watoto wa mtaani, akachukua pikipiki mbili kwa mkopo akisema ameteuliwa kusimamia bandari, na usiku akawa anajibizana na sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Majirani walimfunga kamba. Tulimpeleka hospitali, akachomwa sindano na kupewa vidonge, tukaambiwa kwamba ana skizofrenia. Siku ya pili baada ya sindano shingo ilimpinda, macho yakapanda juu, na ulimi ukawa mzito. Bibi yetu akasema hilo ni jini limekasirika kwa kuchomwa sindano. Tukamrudisha nyumbani, vidonge vikatupwa, akasomewa na kunyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya aya.

Kelele zilikwisha baada ya wiki kadhaa, lakini akazama upande wa pili: alilala mchana kutwa, hakuoga, hakusema, na mara moja alimwambia mama kwamba afadhali asingezaliwa. Hali hiyo nayo ilikwisha yenyewe, na kwa miezi mitano alikuwa mdogo wangu yule yule. Alirudi kuchomelea mageti, akaanza kulipa deni la pikipiki, akawa anatutania kama zamani. Mwaka jana akazama tena. Mama alimwonea huruma, akampa vidonge vyake mwenyewe vya amitriptilini, ambavyo alipewa kwa sababu ya kukosa usingizi, na ndani ya wiki mbili kijana alipanda tena, safari hii akiwa mkali kuliko mara ya kwanza. Daktari wa hospitali nyingine alisema ni bipola. Sasa tuna karatasi mbili zenye majina mawili, na bibi ana jina lake la tatu.

Wala si yeye peke yake. Mama, tangu baba afariki miaka mitatu iliyopita, analalamika moto kichwani na mwili kuchoka, na vipimo vyote havionyeshi kitu. Mjomba wetu ni mnywaji wa gongo. Alipoamua kuacha ghafla, siku ya tatu alitetemeka na kuona siafu wakipanda ukutani, tukamfungia chumbani hadi alipotulia. Nami, tangu mwaka huu uanze, moyo hunienda mbio darasani bila sababu, jasho hunitoka, nahisi ninakufa, kisha baada ya robo saa yote hupita.

Nimeposwa. Wazee wa upande wa mwanamume wameuliza, kwa adabu, kama damu yetu ni nzima. Naomba unifafanulie haya ni magonjwa gani, yako ya aina ngapi, kama sisi sote tuna ugonjwa mmoja unaobadilisha sura, na niwajibu nini wale wazee.

Dada mkubwa, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho kabisa kuhusu ugonjwa mmoja unaobadilisha sura, kwa sababu hilo ndilo linalokunyima usingizi. Hapana. Katika barua yako kuna watu wanne wenye hali nne tofauti, zenye matibabu tofauti, na kinachozifanya zionekane kama kitu kimoja ni umaskini wa neno tunalolitumia. Mtu akipiga kelele barabarani ni kichaa, na mtu asipopiga kelele hana kitu. Hiyo ndiyo orodha nzima ya magonjwa ya akili kama wengi wetu tulivyoirithi. Hata majina ya hospitali zetu tumeyageuza matusi. Mirembe ya Dodoma imepokea wagonjwa tangu mwaka 1927, na huko kwenu milimani Korogwe, Lutindi ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani kabla ya kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Pamoja na umri huo wote, kumwambia mtu kwamba anafaa kupelekwa Mirembe bado ni njia ya kumnyamazisha.

Sasa tazama hesabu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 970, yaani mmoja kati ya kila wanane, walikuwa wakiishi na ugonjwa wa akili wa aina fulani. Walio wengi kati yao walikuwa na wasiwasi uliopita kiasi au sonona (ugonjwa wa kuzama moyo, depression kwa Kiingereza), yaani watu wa namna yako na mama yako, wanaokwenda kazini, wanaopika, na ambao hakuna jirani anayewafungia kamba. Wenye skizofrenia walikuwa kama milioni 24. Kwa hiyo mgonjwa anayeonekana na kila mtu ndiye mchache.

Umeuliza aina ni ngapi. Orodha ya magonjwa ya shirika hilo, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, ina makundi yapatayo 20 katika sura ya akili na tabia, na sitakuchosha kwa kuyataja yote. Lililo muhimu kwako ni kufahamu jinsi makundi hayo yanavyopatikana, kwa kuwa hapo ndipo karatasi zako mbili zinapogombania. Malaria hupimwa kwa tone la damu. Skizofrenia na bipola hazina tone wala picha ya kuzionyesha, na daktari anayeagiza vipimo vya damu anafanya hivyo ili kuondoa visababishi vingine, kama malaria iliyopanda kichwani, kaswende, virusi vya UKIMWI, kifafa au bangi, ambavyo vyote vinaweza kumfanya mtu aseme na asiokuwepo. Vikishaondolewa, kinachobaki ni kuuliza mambo mawili: mgonjwa anaonyesha nini, na anakionyesha kwa muda gani.

Hilo la muda ndilo watu hulisahau. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari mmoja wa Ujerumani, Emil Kraepelin, alikuwa na wodi zilizojaa wagonjwa waliofanana siku ya kuletwa, wote wakifoka na wote wakiona mambo. Alimwandikia kila mgonjwa kadi, akafuatilia miaka inavyokwenda, na mwaka 1899 akachapisha mgawanyo ambao mpaka leo tunautumia kwa sura nyingine: wako waliopanda na kushuka kwa vipindi, na katikati wakarudi kuwa wao, na wako ambao akili yao iliendelea kudhoofu bila kurudi palepale. Kundi la kwanza ndilo mama wa hiki tunachokiita bipola. La pili lilipewa jina la skizofrenia mwaka 1908 na Eugen Bleuler wa Uswisi, ingawa yeye alikataa, na kwa haki, wazo la kwamba wote huishia pabaya. Ninakueleza habari ya kadi hizo kwa sababu Kraepelin hakuwa na mashine yoyote ambayo wewe huna.

Rudi basi kwa mdogo wako. Kusikia sauti ni kama homa. Homa inaweza kuwa ya malaria, ya taifodi, ya kidonda kilichooza, na hakuna daktari mwenye akili anayeandika ugonjwa wa homa akafunga faili. Mtu mwenye skizofrenia husikia sauti, huamini mambo ambayo hayapo na hayatikisiki kwa hoja, mazungumzo yake hukatika, na mara nyingi hupoa: hamu ya watu, ya kazi na ya usafi humtoka. Hayo hukaa mwezi na zaidi, yawe na furaha au huzuni au pasipo yote mawili. Mwenye bipola naye anaweza kusikia sauti na kuteuliwa kusimamia bandari, lakini kwake hayo huja yamepanda juu ya mawimbi. Kwanza usingizi unapungua bila mwili kuchoka, kisha maneno, fedha na ahadi vinamwagika kwa wiki moja au zaidi, kisha wimbi linashuka mpaka chini ya usawa wa kawaida, na katikati ya mawimbi mtu anarudi. Umeandika kwamba kwa miezi mitano alichomelea mageti, akalipa deni na kuwatania. Ungeniuliza ni mstari upi wa barua yako ningemsomea daktari kwanza, ningesoma huo.

Simpimi mtu kwa barua, na sisemi kwamba daktari wa kwanza hakujua kazi yake. Yeye alimwona kijana siku moja, akiwa amefungwa kamba, akijibizana na hewa, na huenda hakuna aliyemweleza habari za usingizi na pikipiki. Daktari wa pili alikuwa na bahati ya kumwona akiwa na historia nyuma yake. Jina la kwanza katika magonjwa haya mara nyingi huwa la muda, na daktari anayelibadilisha baada ya kuona mwaka mzima hajakiri uzembe. Wako pia vijana wanaochanganyikiwa mara moja kwa muda wa wiki chache, wakapona wasirudie tena, na hao wanahitaji jina la tatu kabisa, lakini wa kwenu amekwisha kupanda mara mbili.

Sasa shingo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika miaka yangu ya wodini sijaona kitu kimoja kilichowatoa vijana wengi hospitalini kama hiki. Dawa za kutuliza sauti, hasa za zamani kama haloperidoli, zinaweza kukaza misuli ghafla ndani ya siku chache za mwanzo. Shingo hupinda, macho hupanda, taya hukaza, ulimi hutoka au huwa mzito, na huwapata zaidi wanaume vijana. Anayeliona kwa mara ya kwanza, na hasa aliyelelewa Pwani, hana haja ya kufundishwa kuliita jini, kwa maana linafanana na kupandisha kuliko kitu kingine chochote. Dawa yake ipo na ni ya kawaida: benzheksoli, ambayo wauguzi wengi huiita Artane, na ikichomwa dawa ya kundi hilo kwa sindano shingo hurudi kwa muda mfupi. Mliambiwa hayo kabla ya kuondoka wodini? Naona dhahiri kwamba hamkuambiwa, na lawama hiyo siwapi ninyi wala bibi. Alichokiona bibi kilitokea kweli, na hata uhusiano wake na sindano aliuona sawasawa kabisa. Alichokosea ni aliyesababisha.

Kuhusu bibi, msimbishie jini lake. Mzee hashindwi kwa hoja, na nyumba yenye mgonjwa haihitaji kambi mbili. Mnaweza kumkumbusha kwa adabu kwamba sisi tumefundishwa mashetani hufungwa mwezi wa Ramadhani, kisha mkamwacha atafakari. Mwombeni kisomo kiendelee na vidonge viendelee, kila kimoja kwa wakati wake. Mambo ambayo hayana mjadala ni kamba, moshi wa kufukizwa akiwa amefungiwa, na amri yoyote ya kuacha dawa kwa siku kadhaa ili kombe lifanye kazi.

Ramadhani yenyewe, hata hivyo, inatuambia jambo. Mtu mwenye mwelekeo wa bipola anaweza kupandishwa na kukosa usingizi tu, na mwezi huo unavunja usingizi wa kila mtu kwa tarawehe, daku na mikesha. Kabla ya Ramadhani ijayo kuandama, mweleze daktari na imamu mnayemwamini. Kulala saa zake kamili kunamlinda kama kidonge, dawa nyingine za bipola kama litiamu huwa hatari mwili ukikosa maji, na ruhusa ya mgonjwa kutofunga haikuwekwa kwa ajili ya wenye vidonda peke yao.

Jambo la pili linalompandisha mtu wa namna hiyo ni dawa ya sonona ikitolewa peke yake, na ndiyo mama aliyompa kwa huruma yake. Mtu anayezama huonekana ana sonona, na kwa macho ya siku ile ndivyo ilivyo, lakini kama chini yake kuna bipola, amitriptilini au fluoksetini inaweza kumrusha hadi upande wa pili. Usimweleze mama jambo hili kwa namna ya kumshitaki. Mwambie kwamba wiki zile mbili ni ushahidi mkubwa ambao daktari atautaka, na kwamba bila yeye tusingeupata. Kisha vidonge vyake viwekwe kwenye kasha linalofungwa, ufunguo ukae kwako, kwa kuwa dawa hiyo ni ya hatari sana ikizidishwa, na nyumbani mna kijana aliyewahi kusema afadhali asingezaliwa.

Neno hilo msilipite. Atakapozama tena, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Watu wetu huogopa kwamba kuuliza ni kumpa wazo, lakini kinyume chake ndicho tunachokiona: anayeulizwa kwa upole mara nyingi hushusha pumzi, kwa sababu alikuwa amelibeba peke yake. Akikubali, na hasa akiwa tayari na mpango, siku hiyo hiyo aende hospitali na asiachwe peke yake njiani wala nyumbani.

Mama yako. Sonona ya kwetu mara chache huja ikijitaja kwa jina la huzuni. Inakuja kama moto utosini, kichwa kizito, mgongo, kuchoka asubuhi kabla ya kazi, kuamka saa tisa usiku na kutolala tena, na kwa hiyo hupelekwa maabara na kurudi na majibu safi. Huzuni ya kawaida ya kufiwa si ugonjwa; mtu hulia, halafu anacheka na wajukuu, halafu analia tena. Sonona huzima pande zote mbili, na ikidumu wiki mbili au zaidi karibu kila siku, inatosha kumwona mhudumu. Miaka mitatu ni mingi. Huenda aliyempa amitriptilini alitibu usingizi tu, kwa kipimo kidogo cha usiku, bila kuuliza mengine. Arudi aulizwe mengine, na kama kuna mtu anayeweza kukaa naye kila wiki kumsikiliza kwa mpangilio, hayo ni matibabu, ingawa hayana kidonge.

Mjomba mlimwokoa kwa bahati, na ninasema hivi kwa ukali wa makusudi. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka, ukinyimwa ghafla, hutetemeka, hutoka jasho, na siku ya pili au ya tatu unaweza kuweweseka: siafu ukutani, degedege, moyo kwenda mbio. Hali hiyo huua, na mahali pake ni wodi ya kawaida ya hospitali, penye maji ya mishipani, dawa za kutuliza na vitamini B1. Siafu wale hawakuwa skizofrenia, na hawakuwa wa mdogo wako. Uraibu ni kundi lake lenyewe, na mjomba akitaka kuacha tena, aanzie kwa daktari kabla ya kuanzia kwenye nadhiri.

Nawe. Moyo kukimbia ghafla, jasho, hofu ya kufa, kisha kupita ndani ya dakika chache, ni sura ya kawaida kabisa ya shambulio la hofu, ambalo limo katika kundi la magonjwa ya wasiwasi. Kapime kwanza damu, presha na tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa damu na homoni za tezi hiyo huiga hali hii vizuri sana. Vikiwa salama, fahamu kwamba shambulio hilo haliui na haligeuki kuwa wazimu. Linapokuja, usitoke mbio darasani. Keti, toa pumzi polepole na kwa urefu kuliko unavyoivuta, na uliache lishuke lenyewe. Kila ukilikimbia linakufundisha kuogopa mahali, na mwalimu anayeogopa darasa atapoteza kazi kabla ya kupoteza akili.

Makundi mengine nayagusa tu ili ukisikia majina usishtuke. Kuna kiwewe, kinachobaki baada ya ajali, kubakwa au vita, mtu akiyaona upya usiku na mchana. Kuna wasiwasi wa kurudiarudia, ambao Waislamu tunaujua kwa mtu anayetawadha mara saba akiamini maji hayajafika kiwikoni. Naye hupewa mawaidha miaka mingi bila kuambiwa kwamba hali yake ina matibabu. Kuna yanayoanza utotoni, kama usonji, na yanayokuja uzeeni, ambapo bibi anayesahau jina la mwanawe na kutangatanga usiku anaweza kuitwa mchawi, na wapo waliolipia kosa hilo kwa maisha yao. Kifafa hutibiwa katika kliniki zilezile za afya ya akili, na kwa sababu hiyo watu hukihesabu humo, lakini chenyewe ni ugonjwa wa ubongo kama kiharusi kilivyo.

Sasa wazee waliokuja kuposa. Swali lao lina haki yake, nami sipendi majibu ya kufunika, kwa sababu mtaani mwenu kila mtu aliziona kamba zile. Skizofrenia na bipola zina mkondo katika familia, ila si kama watu wanavyodhani. Katika watu 100 wa kawaida, mmoja hivi hupata skizofrenia maishani. Mtoto wa mgonjwa, ni kama 10 kwa 100. Mtoto wa ndugu wa mgonjwa, ambaye ndiye atakayekuwa mtoto wako, ni kama 3 au 4 kwa 100. Hata pacha wa kufanana kabisa, mwenye damu ileile tone kwa tone, huepuka kuugua nusu ya mara na zaidi. Katika bipola nako ndugu wa karibu huzidi watu wengine kwa hatari, lakini walio wengi hawaugui kamwe. Gongo la mjomba na kifo cha baba havimo katika hesabu hii hata kidogo.

Mwambie mchumba wako kwanza, ana kwa ana, kabla ya wazee: kwamba una mdogo mgonjwa, jina linaloelekea kuwa sahihi ni hili, anatibiwa, na uwezekano kwa watoto ni huo niliokuandikia. Akiondoka baada ya hapo utaumia, lakini utakuwa umeumia kabla ya ndoa. Akibaki, kuna jambo moja la kumweleza mkunga utakapopata ujauzito: mwanamke mwenye ndugu wa damu mwenye bipola anahitaji kuangaliwa kwa karibu usingizi na mwenendo wake katika wiki za kwanza baada ya kujifungua, kwani kuchanganyikiwa kwa wakati huo huja haraka na hutibika vizuri kikiwahiwa.

Wiki hii nunua daftari la kurasa 100. Kila siku andika mstari mmoja kwa ajili ya mdogo wako: amelala saa ngapi, amesema kwa kasi gani, ametumia fedha kiasi gani, amekula, amefanya kazi, amemeza dawa. Mwenyewe ajue na akikubali aandike naye, kwa kuwa atakapopoa ndiye atakayekuwa msomaji bora kuliko sisi sote. Kurasa za mwanzo zijaze kwa kurudi nyuma mpaka ile Ramadhani, kwa tarehe kadiri mnavyokumbuka. Kisha mpelekeni kwa daktari wa pili pamoja na karatasi zote mbili, mkaulize maswali matatu: kipi kingemfanya abadilishe jina alilolitoa, dawa atakayoandika inahitaji vipimo gani vya damu, na msipoipata dukani mfanye nini kabla ya kuikatiza. Kama gharama inawashinda, pitieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyohiyo kabla ya kwenda dirisha la malipo.

Na juu ya jalada la daftari, kwa wino mwekundu, andika jina la ile sindano ya kwanza kama linasomeka kwenye karatasi ya hospitali, na chini yake maneno haya: "Ilimpinda shingo siku ya pili." Muuguzi wa zamu ya usiku atakayempokea siku moja bila wewe kuwepo atayahitaji kabla hajafungua kabati la dawa.